Punje Mbili za Mchele

Kilindoni, Jumanne, tarehe 9 Septemba. Asubuhi mawingu mepesi upande wa kusini, upepo kiasi, umande mwingi kwenye kioo cha lori. Mvua hakuna.

Mwanangu Riziki,

Umenicheka miaka mingi kwa kuanza kila jambo na hali ya hewa. Ulipokuwa darasa la tano ulilifungua daftari langu la siku, ukamsomea baba yako kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Upepo kiasi, mvua hakuna!" Mkacheka hadi chai ikawatoka puani. Niliwaambieni kwamba mtu mwenye utaratibu huanza na lile aliloliona kwa macho. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba hali ya hewa ni mahali pazuri pa kujificha, na barua hii ni habari ya siku moja niliyojificha humo.

Habari za maji ya kuchemsha, za kufunga mlango kwa komeo, za kutompa simu yako mtu usiyemjua, sitakuandikia. Shangazi yako wa Mbagala atakwambia yote hayo kabla hujavua viatu, tena mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelichelewesha tangu ukiwa mtoto wa mapajani.

Kesho unakwenda kujifunza kazi katika gereji ya Fundi Mshamu huko bara. Wewe mwenyewe ulimchagua. Dereva mmoja wa Nyamisati alikwambia kwamba Mshamu huchukua wasichana na hawatumi kuchemsha chai, ukaja mbio kuniambia, na mimi nikaangusha kifuniko cha sufuria. Ulidhani ni furaha. Baba yako akasema, "Nenda. Aliyeua injini moja ameshafufua mia. Kamwambie tu anirudishie gasketi yangu." Mkacheka tena.

Hadithi ya Mshamu aliyeua injini unaijua kwa moyo. Kila mgeni aliyekula wali katika nyumba hii ameshushiwa hiyo. "Alikuwako fundi mmoja wa Jibondo," baba yako huanza, huku akichambua mwiba wa samaki, "akashona injini yangu kama anashona mtumbwi, ikazama nchi kavu." Wageni hucheka. Wewe hucheka. Mimi hunyanyuka kwenda kuleta maji, hata kama jagi limejaa.

Riziki, hadithi hiyo ina kosa, na kosa ni mahali pa mwuaji. Injini niliiua mimi.

Nimeandika sentensi hiyo, nimekwenda kuangalia kama jiko limezimwa, nimerudi, bado ipo. Basi niendelee.

Mwaka ule hifadhi ya bahari ilikuwa bado changa, na sisi tulikuwa na lori hili hili, HARAKA YA NINI, nalo tayari lilikuwa zee. Maandishi yale ya bodi baba yako aliyachora mwenyewe kwa rangi iliyobaki kwenye milango, akajisifu kwa hekima. Ukweli ni kwamba lori lilikuwa halina uwezo wa haraka. Lina tabo, kile kikonokono cha chuma kinachoisukumia injini hewa ili ichome dizeli nyingi zaidi, lakini pampu ya dizeli ilikuwa imechakaa, na dizeli ilikuwa inaingia kwenye silinda kwa kuchelewa. Asubuhi ukiliwasha lilitoa moshi mweupe mpaka jirani akawa anaingiza nguo ndani. Mchangani lilikuwa linahema kama ng'ombe aliyezaa juzi.

Siku moja tunatoka Baleni na nazi, baba yako kwenye usukani, mimi pembeni na wewe mapajani. Mzee mmoja akatupita kwa baiskeli. Kwenye karia alikuwa amepakia kiroba cha mihogo. Akageuka, akapiga kengele, akasema, "Shemeji, nina kamba hapa, niwavute?" Wewe ukampungia mkono kwa furaha. Baba yako alicheka mpaka akazima injini. Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa namkabidhi spana baba yako kila lilipoharibika. Kitabu cha injini kiliandikwa Kiingereza, na ndani ya nyumba hii aliyefika kidato cha nne ni mimi. Niliona kama kengele ile imepigiwa cheti changu.

Tukamwita Mshamu. Alikuwa kijana bado, mtoto wa mafundi wa majahazi wa kisiwa cha Jibondo, aliyeacha mbao akashika chuma. Utamwona kesho, nadhani sasa ana kitambi, lakini mikono haibadiliki. Angalia anavyonawa. Kwao maji yalikuwa yanaletwa kwa chombo, na mtu aliyekulia hivyo hawezi kumwaga. Alikuwa akinawa grisi ya siku nzima kwa nusu kikombe, vidole vikatoka safi, na maji yaliyobaki akamwagia mche wangu wa bilimbi.

Alitengeneza taimingi, yaani wakati wa dizeli kuingia kwenye silinda, siku ya Alhamisi. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na daftari, nikaandika kila hatua. Naweza kukusomea. Alizungusha injini kwa mkono, polepole, mpaka pistoni ya kwanza ikakaribia kufika juu. Akafungua bomba dogo la pampu linalokwenda silinda ya kwanza, akaacha tone la dizeli limesimama pale mdomoni, likang'aa kama jicho la samaki. Akaniambia, "Shemeji, njoo uangalie. Usipumue." Akazungusha tena kwa upana wa unywele. Tone lilikuwa limetulia, limetulia, halafu likavimba. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo anapopiga mate. Sasa tuangalie puli inasemaje." Puli ya mbele ya injini ina alama, nazo zilisema pampu inachelewa.

Kabla ya kulegeza nati tatu zinazoishikilia pampu, alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa fundi mwingine. Alichukua msumari akachora mstari mmoja mwembamba uliopita juu ya pampu na juu ya mwili wa injini, kwa pamoja, mstari mmoja juu ya vyuma viwili. Nikamwuliza wa nini.

"Kwetu huwezi kutenganisha mbao mbili kabla hujazichora pamoja," akasema. "Ukizirudisha, mstari ukikutana, umerudi nyumbani. Usipokutana, umepotea, na angalau unajua umepotea kwa kiasi gani."

Akalegeza nati, akaisogeza pampu kuelekea injini, akapima upya kwa tone, akasogeza tena kidogo sana. Aliporidhika akakaza, akaufuta mstari wa zamani kwa msasa, akachora mpya. Nikamwuliza amesogeza kiasi gani kwa jumla. Akatazama huku na huku, akaokota punje ya mchele pale nilipokuwa napepeta, akaiweka kwenye kiganja changu. "Unene wa hii," akasema. "Moja."

Lori likawa zuri. Moshi mweupe ulikwisha, na jirani akaanika shuka. Lakini nguvu ilikuwa ya wastani, Riziki, na mimi nilikuwa na baiskeli kichwani. Nilimwuliza Mshamu kwa nini tusiongeze kidogo. Akasema, "Injini yenye tabo, shemeji, haisemi ukweli ikiwa tupu. Ikiwa haina mzigo kikonokono kimelala. Kila utakachomwambia atakwambia sawa mama, sawa mama. Mpakie ndipo umsikie." Niliandika maneno hayo pia. Yapo, ukurasa wa Alhamisi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumamosi baba yako alikwenda mazikoni Bweni kwa gari la watu, na njia ile unaijua, ukienda umekwenda. Nikakulaza, nikavaa suruali yake, nikachukua spana namba kumi na tatu.

Sikuchora mstari. Wa Mshamu ulikuwapo, nikaona unatosha. Nililegeza nati tatu, nikaisogeza pampu punje moja zaidi, nikakaza, nikawasha. Ah, mwanangu! Ule mlio! Ulikuwa mkali, mkavu, kama mtu anayepasua vifuu kwa shoka jipya. Nikakanyaga, likaitika kabla mguu haujafika chini. Nikazima, nikasogeza punje ya pili. Likazidi kuwa tamu. Nililiendesha mpaka kisimani na kurudi, tupu, bila leseni, na njiani nilipiga honi kwa kila baiskeli, hata zilizokuwa zimeegemezwa ukutani.

Niliporudi ndipo nilipoutazama ule mstari. Nusu iliyokuwa juu ya pampu na nusu iliyokuwa juu ya injini hazikukutana. Zilikuwa zimeachana punje mbili kamili, kama watu wawili waliokosana wakageuziana bega. Ningeweza kurudisha. Kazi ya robo saa. Badala yake nilichota grisi kwa kidole nikapaka juu yake.

Halafu nikaketi kuandika daftari. Mimi ninayeandika hata kuku akihamia banda la jirani. Ukurasa wa siku ile ninao hapa mezani: "Jumamosi. Mawingu asubuhi, upepo wa kusini kiasi, mvua hakuna." Basi. Chini yake weupe mtupu hadi mwisho wa karatasi.

Baba yako aliporudi akaliendesha, akasema, "Mshamu huyu ni mchawi!" Nami nikasema, "Anajua kazi." Ni kweli alijua. Huo ndio ubaya wa uongo wangu, ulikuwa umejengwa kwa maneno ya kweli tupu.

Jumatatu tulikuwa na kazi ya hifadhi: vitalu vya zege vya kufungia maboya ya mpaka, kutoka Kilindoni hadi Utende. Vitalu vile vilikuwa vizito kama dhambi, na watu sita walipakia kimoja kimoja huku wakiimba. Tukaondoka. Kwenye lami ya mji, sawa mama. Tulipoingia mchangani baba yako akakanyaga, kikonokono kikaamka, kikaanza kupiga mluzi, na injini ikapata hewa yote na dizeli yote kabla pistoni haijawa tayari kuipokea. Fikiria unapanda mti, na mtu aliye juu anakusukuma kichwani kila unapotaka kufika. Ndivyo pistoni zilivyofanyiwa, mara elfu mbili kwa dakika. Nilisikia kugonga. Baba yako alidhani ni mawe. Mimi nilijua si mawe, na nilikuwa na muda wa kusema "simama", Riziki. Nilikuwa na muda mrefu tu. Nikahesabu minazi.

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, ilipasuka kwa mshindo, rejeta ikatapika, na mvuke ukatufunika sote. Wewe ulipiga makofi, ulidhani ni mchezo.

Watu walijaa kama kawaida ya watu. Mshamu akaletwa juu ya pikipiki. Alifungua boneti, akaitazama rejeta, akatazama silinda hedi, halafu akafika kwenye pampu. Nikamwona akiweka kidole gumba juu ya grisi yangu, akaifuta. Akainama pale muda wa mtu kusoma aya mbili. Akauliza, bila kugeuka, "Nani ameshika hapa?"

Baba yako akajibu, "Nani mwingine? Wewe tu."

Mshamu akageuka, akanitazama. Nilikuwa nimesimama na jagi la maji.

Unajua nilichofanya? Nilimmiminia maji anawe. Akanawa kwa nusu kikombe, akasema, "Ahsante, shemeji."

Basi maneno yakaanza. "Arudi kwenye mitumbwi!" "Injini si jahazi, huwezi kuziba kwa pamba!" Ile ya kushona na kuzama nchi kavu alianzisha baba yako palepale, kwa mzaha, na mzaha wa baba yako una miguu, ulifika Bweni kabla ya jua kuzama. Mshamu akaja siku kumi na moja mfululizo, akaifunga injini upya kuanzia hedi. Kazi ilikuwa nzuri, na ndiyo tunayotembelea hadi leo, lakini nani aliitazama? Watu walikwisha cheka. Gari la pili halikuja kwake, wala la tatu. Kabla ya Ramadhani akapanda boti kwenda bara.

Ameendelea vizuri, najua. Ana gereji yenye watu wanane, na wewe unakwenda kuwa wa tisa. Watu wengine wangeniambia kwamba nilimfungulia riziki. Nimejaribu kujiambia hivyo, haikai. Mtu ukimsukuma akaangukia mkekani, huwezi kudai ulimtandikia.

Kuna jambo dogo ambalo limenikosesha raha kuliko makubwa yote. Siku ya kumi na moja, alipokuwa amemaliza kila kitu na pampu imekazwa mahali pake, Mshamu aliniita kutoka jikoni. Baba yako alikuwa anajaza maji rejeta. Mshamu akanipa ule msumari wake, akasema taratibu, "Safari hii chora wewe, shemeji."

Nikachora. Katikati niliinua macho kumtazama, ndiyo maana mstari ule una kona. Umeuona maisha yako yote, ukauliza mara moja kwa nini umepinda, nikakujibu kwamba msumari ulikuwa butu.

Na ile "kwanza alama" ninayokuimbia tangu ulipoanza kushika spana, kila tunapofungua chochote, hata mfuniko wa cherehani, uliamini ni yangu. Si yangu. Ni yake. Kesho kutwa utamwona anachora mstari kabla ya kulegeza nati, utashangaa, utasema, "Mama naye hufanya hivyo," na mtu yule atakutazama. Hapo ndipo nilipoona siwezi kukuacha uende hujui. Utakuwa chini ya mkono wa mtu niliyemharibia jina. Ama anajua, ama hajui. Kama anajua, kwa nini alisema "mlete" nilipompigia simu? Kama hajui, akija kujua na wewe umekwisha zoea benchi lake, atakufukuza au atakuweka? Ningemwambia siku ile ya simu. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyaandika hata kwenye karatasi. Akasema, "Shemeji! Bilimbi imezaa?" Nikasema imezaa, nikasema nitamtuma Riziki, nikasema salio linakwisha. Salio lilikuwapo.

Kwa hiyo mpango wangu wa leo ulikuwa huu. Niuchane ukurasa ule wa Jumamosi, niujaze, nikupe uende nao. Ungempa Fundi kabla hajakupa spana. Akikukataa, ungerudi, ungejua kosa si lako. Niliona ni mpango wa mtu mwenye utaratibu. Nilikuwa nimeshauandika hapa, aya nzima, nimeikata. Baba yako ndiye aliyeukata, tuseme.

Ilikuwa baada ya chakula, wewe umekwenda kuwaaga akina Mwanaidi. Nikamwambia baba yako yote. Nilianza na hali ya hewa ya siku ile, akasema, "Mama Riziki, fika." Nikafika.

Akatoka nje, nikasikia boneti inafunguliwa, kimya, inafungwa. Akarudi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "namtukana mtu mbele ya wageni, na wewe unanipakulia wali."

"Ndiyo."

"Na samaki."

"Na samaki."

"Na mimi nakusifu mke wangu hacheki watu." Akakaa. Aliumia, mwanangu, nilimwona, na si kwa sababu ya injini. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja. "Suruali yangu ipi ulivaa?"

"Ile ya kaki."

"Ndiyo maana ilikuwa na grisi! Nilimlaumu dobi!" Akacheka, akaacha, akacheka tena. Alipotulia akaniuliza hiyo karatasi naijaza ya nini. Nikamwambia Riziki atampelekea Mshamu.

"Riziki kasogeza pampu?"

"Hapana."

"Basi."

Alinyanyua sahani akaenda kuosha mwenyewe, jambo ambalo nimeliingiza kwenye daftari kwa wino mwekundu. Akiwa kule nje akapaza sauti: "Na kuanzia sasa wageni watasikia hadithi nyingine! Na wewe umo! Na nitaitia chumvi!"

Nikasema aitie.

Nimekaa hapa tangu wakati ule, na neno "basi" la baba yako. Nilikuwa nakupakia vitalu vya zege vyangu, mwanangu, ukiwa bado hujavuka hata mchanga wa nyumbani. Halafu ningekaa huku Kilindoni nikisikiliza mlio mzuri wa lori tupu.

Sina mawaidha ya kukupa kuliko haya niliyoyaona. Utakosea pampu za watu. Nyingi. Kosa lenyewe ni la robo saa, mstari upo, unarudisha. Grisi ndiyo iliyonichukua miaka. Na mlio ukiwa mtamu sana, mwulize kwanza kama amebeba kitu. Hayo tu, na nusu ya hayo ni maneno ya Mshamu.

Kwa hiyo sikuuchana ukurasa. Nimeujaza ukiwa palepale ndani ya daftari, chini ya mstari wa hali ya hewa, kwa kalamu ya leo ili mtu yeyote aone kwamba wino ni tofauti. Unasomeka hivi sasa:

"Jumamosi. Mawingu asubuhi, upepo wa kusini kiasi, mvua hakuna. Mshamu alikuwa ameweka taimingi sawasawa. Mimi niliisogeza pampu punje mbili za mchele, nikapaka grisi, nikamwacha alaumiwe."

Daftari nitalibeba mwenyewe. Alfajiri ukiniona pwani na mkoba wangu mweusi, na kikapu cha bilimbi, usiniulize kitu mbele za watu. Mwambie mwenye boti tuko wawili. Unajua nikiingia chomboni huumwa tangu maji ya magotini, kwa hiyo nitakupa barua hii uisome njiani, nami nitakuwa pembeni yako nimeshika ndoo, sitaweza kujitetea. Ukitaka kukasirika, kasirika kati ya hapa na Nyamisati. Tukifika gerejini wewe utasimama nje kidogo. Nitaingia mimi kwanza, nimwamkie, nimfungulie ukurasa, nimwulize kwa nini alinipa msumari. Baada ya hapo akuite au asikuite, atakuwa anakuita wewe, si grisi yangu.

Akikuita, mimi nitageuka na gari la jioni. Sitakaa kuwaangalieni. Nina lori la kuchora mstari upya, bila kona.

Mama yako.

Nyongeza, alfajiri, Jumatano. Anga jeupe, upepo kiasi, mvua hakuna. Nililala saa saba kasorobo usiku.